Kuku Kati ya Miiba

Mlangoni mwa Mama Estelle, pale Kasongo, kuna kitu ambacho watu hukizunguka kwa adabu kuliko wanavyomzunguka chifu. Ni mmea mnene wa kijani usio na jani hata moja. Mashina yake mafupi yamejaa miiba, nayo yamebanana kama watoto kwenye benchi la kanisa. Ulianza ukiwa shina moja tu ndani ya beseni bovu. Leo beseni halionekani tena, na ile familia ya mashina imekula nusu ya njia inayotoka barabarani kuingia uani.

Apolline, maana hilo ndilo jina lake la ubatizo, aliutoa kwenye mlima wa mawe ambako wanawake huenda kuvunja kokoto. Ulikuwa umejiotea porini kati ya miamba, bila mtu kuupanda wala kuumwagilia, na ulikuwa umetoa maua ya waridi yaliyomfanya asimame na nyundo mkononi akasahau kazi. Sista mmoja wa misheni alipita akauita kaktusi, akaenda zake, na jina lenyewe likaenda naye. Mtaani panasemwa tu miiba ya Mama Estelle.

Mwanzoni watu walisema ni mti wa wachawi, kwani ni mti gani huo usio na majani na usiokufa kiangazi? Apolline aliwajibu kwa kula matunda yake mbele yao. Ni mekundu, madogo kama yai la njiwa, ndani mekundu vilevile na mbegu nyeusi, na utamu wake uko karibu na wa tunda la marakuja. Walimtazama mpaka alipolamba vidole, wakamngojea afe, hakufa, wakaanza kuomba na wao. Siku hizi maharusi huja kupigia foto mbele ya yale maua, na watoto wa mtaa wanajua msimu wa matunda kuliko wanavyojua siku ya kufungua shule.

Matunda anagawa. Vitoto hagawi. Kila mwaka shina la mama hutoa vishina vidogo pembeni yake, na mtu akiomba kimoja akapande kwake, Apolline humwambia arudi kesho. Kesho hiyo, mpaka siku ya kisa hiki, ilikuwa haijafika.

Na alivyokuwa kwa mmea ndivyo alivyokuwa nyumbani. Mumewe alishafariki, akamwachia mtoto mmoja tu, Estelle, fundi wa kushona pale sokoni, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Huko sokoni ndiko kijana mmoja wa Kabambare, Nathanaël, mkulima anayeleta maharagwe yake Kasongo kwa pikipiki, alikokuwa akipeleka suruali zake kushonwa. Suruali ya kwanza ilikuwa imechanika kweli. Zilizofuata alizichana mwenyewe, na Estelle alijua, akazishona polepole.

Sasa wakwe walikuwa wanakuja rasmi. Katika ukoo wa Apolline, binti hatolewi kwa maneno. Baba mdogo wa Estelle, Salomon, ndugu wa marehemu, angeweza kusema kutwa nzima, na kwa kawaida ndivyo alivyofanya, lakini mwisho wa yote ni kuku. Wageni huja na kuku mweupe. Mama wa binti akimpokea kwa mikono yake mwenyewe, binti ametolewa. Akimwacha pale alipo, wageni humchukua kuku wao wakarudi kwao, bila ugomvi na bila kuulizana sababu.

Apolline alikuwa amekwisha kuamua. Kuku atarudi Kabambare.

Hakuwa na chuki na kijana. Alikuwa na woga, na woga huo ulikuwa wa barabara. Ile njia ya Kabambare mvua ikinyesha, pikipiki haikubebi tena, wewe ndiye unayeibeba. Mtoto wake akiugua kule, nani atamletea habari? Akizaa, habari si itafika wakati mjukuu amekwisha kuota meno? Aliwaza hivyo usiku, akawaza hivyo akipepeta mchele wa wageni, na kila alipowaza moyo ulimuuma kama kidonda kibichi.

"Mama," Estelle aliuliza asubuhi ile, akisuguasugua sufuria, "ile kuku utaipokea ao utaiacha?"

"Nitaiangalia kwanza."

"Ni kuku, mama. Haiko na diplome ya kuonesha."

"Estelle, funga kinywa, angalia wali."

Estelle alifunga kinywa. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na moshi wa kuni siku hiyo ulikuwa unaelekea upande mwingine. Apolline aliona, akajifanya anatafuta chumvi.

Salomon naye alikuwa na neno lake. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka ule mmea na panga mkononi.

"Shemeji, hii muti nikate. Mutu anakuja kuomba binti, anakuta miiba ku mulango. Watasema tunawafukuza!"

"Ukiigusa, wali ya wageni utaipika we mwenyewe."

Salomon alifikiri. Aliwahi kupika wali mara moja katika maisha yake, na mbwa wa jirani bado wanaukumbuka. Akaegemeza panga ukutani.

Kabla hatujafika mbali, kuna jambo la kujua kuhusu wakwe wa huku. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani machoni, hawashikani mikono, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, kijana hutoka katika njia, husimama majanini na kugeuza uso mpaka mama apite. Tena siku ya kuleta kuku, mchumba huja nyuma kabisa, wazee wake wamemziba kama kitu cha wizi. Kwa hiyo wageni walikuwa wanangojewa alasiri, na Nathanaël alikuwa anangojewa mwisho wao wote.

Jua halijafika utosini, Apolline akatoka na ufagio kwenda kufagia mbele ya nyumba. Akakutana uso kwa uso na Nathanaël.

Alikuwa peke yake, ana tope mpaka masikioni. Pikipiki yake ilikuwa imesimama barabarani, nayo ina tope hata pasipostahili kuwa na tope. Ndani ya koti lake kulikuwa na kitu kinachopumua, na kutoka kwenye kola, chini ya kidevu chake, kichwa cha kuku mweupe kilikuwa kinachungulia dunia.

Nathanaël alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Mtu mwingine angesimama akapepesa macho. Yeye papo hapo aliinamisha kichwa, akageuza mgongo, akatoka katika njia kwa heshima zote. Shida ni kwamba upande ule majani hayakuwapo. Nusu ya njia, nimekwisha kusema, ilikuwa imeliwa.

"Weee!" Apolline alipiga kelele. Ufagio ukamtoka, akanyoosha mkono.

Mkono ule ulifika. Kijana alikuwa anaanguka nyuma, mikono inatafuta cha kushika hewani, na vidole vyake nusura viguse vidole vya mama yule. Akaona ni mkono wa nani. Akaurudisha wa kwake kifuani, akakaa juu ya miiba. Alikaa kabisa, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Kuku aliruka kutoka kwenye koti, akapiga mabawa, akatua katikati kabisa ya mmea, pale mashina yanapoacha nafasi kidogo. Akatikisa manyoya. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona matunda mekundu yameiva miguuni pake, akaanza kula.

"Yambo, mama," akasema Nathanaël kwa sauti nyembamba, akiwa bado amekaa, uso ameuelekeza kwa jirani.

"Yambo, mutoto wangu," Apolline akajibu, uso ameuelekeza kanisani. "Salomon! Salomon wee! Kuja mbio!"

Salomon alimnyanyua kijana na kumpeleka nyuma ya jiko, akamlaza kifudifudi kwenye mkeka. Jiko la Apolline lina ukuta wa udongo wenye nyufa, kwa hiyo maneno hupita, macho hayapiti. Apolline alisimama upande wa ndani, karibu na moto. Estelle alikatazwa kukanyaga upande wa pili, maana hapa ni suala la suruali. Akajikunyata pembeni ya sufuria na pembe ya kitenge mdomoni, machozi yanamtoka, na huwezi kujua ni ya kulia au ya kucheka.

Miiba mikubwa Salomon aliing'oa kwa kibano cha nyusi cha Estelle. Lakini mmea ule una miiba mingine midogo kama manyoya, na Salomon tangu miwani yake ipotee sokoni hutambua watu kwa sauti.

"Shemeji, siko naona kitu!"

"Usitafute. Chukua hii." Mkono wa Apolline ulitokea kwenye kona ya ukuta na donge la bukari, yaani ugali, linalotoa mvuke.

"Bukari ya wageni?"

"Yeye si mugeni? Bandika, finya, ngoja ishike, vuta mara moja."

Salomon akabandika. Akafinya. Akavuta.

Sasa, kijana hawezi kupiga kelele mbele ya mama mkwe, hata kama kati yao kuna ukuta. Ni aibu. Lakini kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka na sauti iko njiani, lazima itoke na neno.

"Asante, mama!"

"Tena," akasema Apolline.

"Asante, mama!"

"Tena."

"Asaaante, mama!" Hii ya mwisho iliwatoa majirani nje. Estelle alikuwa ameanguka kwenye magunia.

Bukari ilikwenda hivyo donge kwa donge, Apolline anakoroga, Salomon anabandika, kijana anashukuru. Na katika kukoroga, Apolline akawa hawezi kuacha kuuona ule mkono uliorudi kifuani. Akakohoa.

"Nathanaël. Mukono yangu uliiona. Ju ya nini haukuishika?"

"Mama, kama ningeshika mukono yako asubuhi, mangaribi ningeomba binti yako na uso gani?"

"Na ju ya nini ulikuja wa kwanza? Mukwe anakuja mbele ya wazee? Kwenu hamuna adabu?"

"Unisamehe, mama. Njia ilikatika. Daraja ya miti ilienda na maji. Wazee walibaki ng'ambo, wanangoja vijana walaze miti ingine. Mimi niliogopa kuku isifike, museme hatukukuja. Nikavuka."

"Ukavuka na nini?"

"Na miguu. Pikipiki niliibeba ku mabega, kuku niliiweka mu koti. Asante, mama! ... Baba, hiyo haikuwa na mwiba, ilikuwa ngozi."

Apolline aliacha kukoroga. Kwa miezi yote hii alikuwa amemwandalia kijana maswali juu ya ile barabara, maswali makali, amepanga hata jinsi atakavyokunja uso. Daraja ng'ambo limekwenda na maji, wazee wamekwama, na huyu ndiye aliyefika mapema. Alikasirika. Hakujua amkasirikie nani, akamkasirikia Estelle, aliyekuwa ameketi kwenye gunia la maharagwe na kumtazama.

"Unaniangalia nini? Wali inaungua!"

Wali haukuwa unaungua.

Wageni walifika alasiri, pikipiki kwa pikipiki. Mbele alikuwa shangazi wa Nathanaël, Marie-Thérèse, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Nyuma yake wazee wawili waliokuwa wamekuja hasa kwa ajili ya kutikisa kichwa. Shangazi alishuka, akakung'uta tope kwenye kitenge chake kipya, akaona watu wamejaa mlangoni wakitazama chini. Akatazama na yeye.

"Ile si kuku yetu?"

"Ni yenu," akasema Salomon.

"Inafanya nini kule?"

"Inakula."

"Na mutoto wetu iko wapi?"

"Nyuma ya jiko. Anapumuzika. Amelalia tumbo."

Shangazi akaelezwa. Wazee wawili wakatikisa kichwa. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakamtetemeka, kisha akajikaza, maana alikuwa amekuja kwa shughuli.

"Sasa mama mukwe atapokea nini? Kuku inapaswa kutoka."

Wakajaribu. Walimwaga mchele pembeni, kuku akautazama na kurudi kwenye matunda yake. Kuku wa Kabambare, mchele wa Kasongo ukamshinda! Walipiga makofi. Wakamsihi. Mzee mmoja aliacha kutikisa kichwa, akapiga magoti, akaingiza mkono, akautoa haraka na kutikisa mkono badala yake. Kuku alikuwa na mdomo mwekundu kama bibi aliyekwenda harusini, na hakuwa na haraka yoyote.

Salomon alikwenda ukutani akarudi na panga.

"Mimi nilisema tangu asubuhi. Nakata, kuku inatoka, tunamaliza."

Wote walimgeukia Apolline, aliyekuwa amesimama kizingitini, mikono ameifutia kwenye kitenge na anaendelea kuifuta ingawa imekauka. Alijua lililokuwa mbele yake. Akinyamaza, panga litashuka. Mmea utakwenda, kuku atatoka akimbilie barabarani, wageni watamshika na kumrudisha kwao, na yeye hatakuwa amesema neno lolote baya. Estelle atabaki. Estelle atabaki anashona suruali za watu, kimya. Hilo la kimya ndilo lililomshika rohoni. Alijaribu kusikia nyumba yake bila kile kicheko, na Estelle yumo ndani. Akaona ni afadhali kicheko kiwe mbali.

"Baba, musikate!" Sauti ilitoka nyuma ya jiko. "Muti haina kosa. Ni mimi nilitoka mu njia. Kuku ikishiba itatoka. Tutangoja hata mpaka kesho, mimi naweza kungoja nimesimama. Kukaa njo siwezi."

Watu wakacheka. Apolline hakucheka. Alivua bangili, akampa Estelle ashike, akapandisha mkono wa blauzi.

Ni yeye peke yake anayejua kuingiza mkono pale, kwa sababu ya kuchuma matunda. Huingii kwa juu. Unapita chini, kiganja kimelala udongoni, unafuata mashina kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Lakini tunda halina mabawa. Apolline alipomfikia kuku na kumshika miguu, kuku alipigana, na mkono ule uliokuwa umeingia salama ukatoka na miiba mpaka kiwiko. Hakumwachia. Alisimama, nywele zimemvurugika, kuku ananing'inia kichwa chini na mdomo wake mwekundu, wote wawili wanahema.

Marie-Thérèse akasogea mbele. Hakuwa mtu wa kuacha jambo linaning'inia, hata kama ni kuku.

"Mama Estelle, mimi niko na swali, na usikasirike. Mukono yako iko na kuku, tunaona wote. Lakini umeitoa mu miiba tu, ao umeipokea?"

Estelle alikuwa ameshika bangili kwa mikono miwili. Salomon alikuwa amesahau kushusha panga.

Apolline alimtazama binti yake, akautazama mkono wake uliovimba. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyasingizia miiba.

"Shangazi," akasema, "kama ingekuwa ya kuitoa tu, ningechukua fimbo."

Vigelegele vilianzia kwa majirani, ambao hata hawakuwa wamealikwa. Estelle alimrukia mama yake shingoni, kuku kati yao akipiga kelele. Marie-Thérèse alikuwa amekwisha kuinama, akachuma tunda moja kwa ncha za vidole, akalionja, akafumba macho.

"Hii njo ilikuwa inashinda muchele," akasema. "Mama Estelle, utupe na mutoto moja ya hii muti. Tutaipanda ku mulango ya Estelle. Siku utakuja kutembea, utajua nyumba ni gani."

Apolline alifungua kinywa kumwambia arudi kesho. Akakifunga. Akachukua panga mkononi mwa Salomon, akainama, akachagua kishina kimoja kilichokaa karibu kabisa na shina la mama, chenye mizizi mizuri, akakikata polepole na kukifunga kwenye jani la mgomba.

"Musiweke maji mingi," akasema. "Na musipande mu njia."

Kutoka nyuma ya jiko, mtu asiyeweza kukaa tangu asubuhi akaita kwa nguvu zake zote:

"Asante, mama!"

Na safari hii hakuna aliyekuwa amemvuta mwiba.